Skrubu Iliyoliwa Kichwa Juu ya Paa la Gari

Skrubu ya keria ikigoma kufunguka, mjadala huanzia kwenye kifaa. Mmoja anataka ufunguo mrefu, mwingine nyundo, wa tatu anakumbuka jirani mwenye mashine ya kutoboa. Swali lililotakiwa kutangulia ni jingine: skrubu hii imeshikwa wapi? Kuna mahali patatu au panne inapoweza kushikwa, kila mahali pana tiba yake, na ukikosea mahali unapoteza kitu kisichorudi, yaani kichwa cha skrubu. Kichwa kikishaliwa, kazi ya dakika chache inageuka kuwa kazi ya siku nzima, tena juu ya paa la bati lenye unene usiofika milimita moja.

Nianze na hesabu ambayo mafundi wengi wanaijua kwa mkono hata kama hawajawahi kuisoma. Unapokaza skrubu, nguvu unayotia haiendi yote kwenye kubana. Makadirio ya kawaida ya wahandisi ni kwamba karibu nusu yake huishia kwenye msuguano wa chini ya kichwa, pale kichwa kinapokalia washa au mguu wa keria. Asilimia 40 hivi huliwa na msuguano wa nyuzi. Asilimia 10 tu ndiyo inayobaki kuivuta skrubu na kuifanya ibane. Hesabu husogea kukiwa na grisi, rangi au kutu, lakini uwiano wake kwa jumla ni huo. Kwa hiyo, katika skrubu ambayo nyuzi zake hazijashikana kabisa na kutu, upinzani mkubwa kuliko wote uko chini ya kichwa. Kichwa kikiondoka, mvuto wote unaachiliwa mara moja, na kipande kinachobaki mara nyingi hutoka kwa koleo bila ugomvi wowote.

Ndiyo maana nasema tangu mwanzo kwamba skrubu yenyewe ni ya kutupwa. Vya kulindwa ni mguu wa keria, nyuzi zilizo ndani yake, rangi, na bati la paa. Mwenye gari akilikubali hilo mapema, nusu ya makosa ya kawaida hayatendeki.

Kwa nini skrubu za hapa Bujumbura hugoma sana? Tuko mbali na bahari, na Tanganyika ni ziwa la maji baridi, hivyo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam angetarajia tuwe na afueni. Ni kweli kwa kiasi fulani. Ila magari yetu mengi ni Toyota zilizotumika kwanza Japani (usukani wake uko kulia ilhali Burundi tunaendesha upande wa kulia, na ukitaka kulipita lori kwenye mlima wa Bugarama unahitaji abiria mwenye macho mazuri). Zilivuka bahari hadi Dar es Salaam, zikapanda barabara mpaka mpakani Kobero na kuteremka huku, zaidi ya kilomita 1,500 kwa jumla. Zile zilizotoka kaskazini mwa Japani, Hokkaido kwa mfano, zilipitisha misimu ya baridi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo hula zaidi chini ya gari, lakini matone yanayorushwa na magari yaliyotangulia hufika hadi paani na kukaa kwenye mitaro midogo ya keria. Kwa hiyo skrubu unayopambana nayo huenda ilianza kushika kutu kabla hujajua kwamba gari hilo lipo duniani.

Sababu ya pili ni ndoa ya metali mbili. Keria za kiwandani, kama zile za RAV4 na Prado, mara nyingi zina reli au miguu ya aluminiamu iliyofungwa kwa skrubu za chuma. Metali mbili tofauti zikigusana na kukawa na unyevu kati yao, zinakuwa betri ndogo: umeme kidogo unapita, na moja kati yake inaliwa. Hapa anayeliwa ni aluminiamu. Matokeo yake ni ule unga mweupe unaouona ukikwangua ukingo wa tundu. Unga huo unahitaji nafasi kubwa kuliko metali uliyotokana nayo, na ndani ya tundu la skrubu hakuna nafasi ya kuupa, kwa hiyo unajaza mapengo yote kati ya nyuzi na kuibana skrubu kutoka kila upande. Watu hudhani skrubu ya chuma kisichoshika kutu inaondoa tatizo. Yenyewe haitaliwa, ni kweli, lakini aluminiamu iliyo pembeni yake inaliwa vilevile, pengine haraka zaidi.

Maji ya ziwa letu nayo si ya mvua. Yana madini mengi yaliyoyeyuka na yana asili ya magadi, pH yake inakaribia 9, na aluminiamu haipendi magadi. Anayeosha gari kwa maji ya ziwa na kuliacha likauke bila kulisuuza anaacha juu ya keria tabaka jembamba la chumvichumvi ambalo umande wa usiku utalilowesha tena.

Halafu kuna mzigo. Barabara ya taifa namba 1 inatoka hapa mjini, kwenye mita kama 780 juu ya usawa wa bahari, na kufika Bugarama kwenye mita zaidi ya 2,000 baada ya kilomita zipatazo 35 tu. Huko juu kuna ukungu na manyunyu, na kuna soko la kabeji, karoti na viazi ambalo dereva mwenye nafasi kwenye paa hawezi kulipita hivihivi. Watengenezaji wa magari madogo huweka kikomo cha mzigo wa paa, kwa kawaida kati ya kilo 50 na 100. Sisi tunakihesabu kikomo hicho kama ushauri. Mzigo ukizidi, kila kona ya mteremko inaisukuma keria upande mmoja kisha mwingine, miguu inacheza, skrubu zinalegea kidogo, na dereva akifika mjini anasikia mlio. Anafanya nini? Anakaza. Safari ijayo anakaza tena, safari hii kwa bomba lililochomekwa kwenye ufunguo. Skrubu nyingi ninazoziona zimeliwa kichwa hazikuharibiwa siku ya kufunguliwa. Ziliharibiwa siku za kukazwa.

Hapa tarakimu zinasaidia. Skrubu ya keria mara nyingi ni M6, yaani ya kipenyo cha milimita 6. Inataka nguvu ya kukaza kati ya nyutoni-mita 6 na 10. Kwa ufunguo wa sentimita 20, nyutoni-mita 10 ni sawa na kusukuma mwisho wa ufunguo kwa uzito wa kilo 5. Kilo tano! Kijana mwenye afya akiegemea bomba la nusu mita anatia mara kumi ya hiyo bila kukunja uso. Kabla hajafika huko, ama tundu la kichwa linafumuka, ama skrubu inakatika, ama nyuzi za aluminiamu zinang'oka.

Na tusisahau magari yanayosimama. Tangu uhaba wa mafuta utubane miaka hii, gari linaweza kukaa chini ya mwembe wiki baada ya wiki, majani yakioza kwenye reli za paa na maji ya mvua yakituama kwenye matundu ya skrubu. Kwenye gari linalotembea, upepo na jua hukausha matundu hayo. Lililosimama hubaki na unyevu, na kemia niliyoieleza hapo juu haihitaji petroli ili ifanye kazi yake.

Tuje sasa kwenye kichwa chenyewe, kwa sababu tundu lililoko kichwani ndilo linaloamua una nafasi ngapi za kujaribu. Kwenye keria za Toyota utakutana sana na tundu la Torx, lile lenye ncha sita, hasa namba T30. Keria zinazofungwa baada ya gari kununuliwa hupenda tundu la pembe sita la ufunguo wa aleni. Hapo kuna mtego mdogo: M6 yenye kichwa kirefu cha duara inachukua aleni ya milimita 5, lakini M6 yenye kichwa kifupi cha mviringo, kile kinachopendeza machoni, inachukua aleni ya milimita 4 tu. Mwili ni uleule, nyuzi ni zilezile, ila mahali pa kushika ni padogo na hapana kina. Skrubu za kichwa hicho kifupi ndizo zinazoliwa kuliko zote, na kosa ni la aliyechagua urembo.

Vifuniko na vipande vyepesi hufungwa kwa skrubu za msalaba, zinazofunguliwa kwa bisibisi ya nyota. Henry Phillips wa Marekani alipata hataza zake mwaka 1936, na mwaka huohuo General Motors wakaanza kuzitumia kwenye Cadillac. Kuta za msalaba wake zina mteremko, kwa hiyo nguvu ikizidi bisibisi inasukumwa nje. Wajapani wana kiwango chao, JIS, ambacho kwa macho ni kilekile lakini vipimo vya tundu ni tofauti. Skrubu zake nyingi zina nukta ndogo kichwani. Bisibisi ya Phillips haifiki chini ya tundu la JIS. Inakalia ncha, inateleza, inakwangua. Asiye na bisibisi ya Kijapani anaweza kusaga ncha ya bisibisi ya kawaida kidogo sana, chini ya milimita moja, hadi ikae vizuri. Katika mji uliojaa Toyota, bisibisi iliyosagwa hivyo inastahili kuwa kwenye kila kisanduku cha zana.

Kabla ya kugeuza chochote, safisha tundu. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Vumbi la kiangazi, la Juni hadi Agosti, likichanganyika na mvua za kwanza, linaganda ndani ya tundu kama saruji. Ufunguo unaingia nusu, unageuzwa, kona zinaliwa. Chukua sindano nene au msumari mwembamba, chokonoa hadi uone metali, pulizia. Kisha utazame ufunguo wenyewe. Aleni ya zamani ina kona zilizolainika. Kata milimita tatu au nne za ncha yake kwa grainda, ukiipoza kwenye maji mara kwa mara, na una ufunguo mpya.

Kisha mafuta ya kupenya. Wengi humimina WD-40, ambayo ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 na kampuni iliyoitwa Rocket Chemical kwa ajili ya kufukuza maji kwenye vyuma vya roketi za Atlas. Inapenya, lakini si bingwa wa kazi hii. Mafuta yaliyotengenezwa maalumu kwa nyuzi zilizoganda hufanya vizuri zaidi. Wengine hutumia dizeli au mafuta ya taa, na kwa subira vinasaidia. Mafuta ya breki ni habari nyingine. Yanapenya kweli, lakini pia yanakula rangi ya gari, na tone moja lililosahaulika paani usiku linaacha kidonda kitakachogharimu kuliko keria nzima. Yakae mbali.

Muhimu kuliko chapa ya mafuta ni mahali yanapoingia. Kama mwisho wa skrubu unaonekana upande wa chini, yatie huko, kwenye nyuzi. Kama tundu halipenyi upande wa pili, njia pekee ni chini ya kichwa, nayo ni nyembamba sana, kwa hiyo unahitaji muda: tia jioni, rudia usiku, fungua asubuhi. Kugongagonga kichwa taratibu kwa nyundo ndogo kunafungua nyufa kwenye kutu na kuyaita mafuta ndani. Lakini gonga pale tu ambapo mguu wa keria umekaa juu ya sehemu imara. Ukigonga reli iliyo katikati ya paa, bati litabonyea, na kubonyea kwa paa hakufichiki.

Joto ni rafiki wa aluminiamu kwa sababu inayopimika. Ikipashwa, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 6 kwenye mguu wa aluminiamu likipanda nyuzijoto 70, linapanuka kuizidi skrubu yake kwa kadiri ya sehemu tano kati ya elfu moja za milimita. Ni kidogo kuliko unavyoweza kuona, lakini ule unga mweupe ulikuwa umejaza pengo la kadiri hiyohiyo. Na si lazima utumie moto wa gesi karibu na rangi na kitambaa cha dari. Birika la maji linatosha. Hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzijoto 97 hivi, kwa sababu ya mwinuko. Zungusha kitambaa kuuzunguka mguu, mimina polepole, subiri, kisha jaribu. Kama mguu ni wa chuma, skrubu na mguu vinatanuka pamoja na faida hiyo haipo. Hapo ni bora kupasha kichwa cha skrubu peke yake kwa pasi ya kulehemu ya fundi redio, ikishikiliwa dakika kadhaa, halafu kuiacha ipoe. Kutanuka na kusinyaa ndiko kunakovunja kutu.

Unapogeuza, anza kwa kukaza. Watu hushangaa, lakini kuna sababu mbili. Kutu ikivunjika upande mmoja imevunjika, haijali umeenda wapi. Pia, kona za tundu zilizoliwa mara nyingi ni za upande mmoja tu. Za upande mwingine bado ni nzima na zinaweza kubeba nguvu. Sogeza kidogo sana, chini ya robo ya robo ya mzunguko, ukisikia mlio mfupi mkavu, rudi upande wa kufungua. Nenda na kurudi hivyo huku ukiongeza mafuta.

Kama tundu limeanza kuliwa lakini bado lina umbo, zipo njia za kulipa mshiko upya. Vijana wa gereji hupenda kuweka kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya bisibisi na skrubu. Kwa skrubu ndogo ya kifuniko huenda ikafaa. Kwa M6 iliyoganda, raba inachanika tu. Kinachofanya kazi vizuri zaidi kiko tayari kwenye rafu ya kila fundi injini wa mtaa wa Buyenzi: ile dawa ya kusagia valvu. Ni punje kali ndani ya grisi. Paka kidogo kwenye ncha ya ufunguo, na punje zinajichimbia pande zote mbili za metali. Sijui kwa nini haijulikani zaidi kwa kazi hii, maana inakaa mita mbili kutoka kwenye mkono wa fundi.

Tundu la aleni likiwa limekuwa duara kabisa, tumia biti ya Torx iliyo kubwa kidogo kuliko tundu na uigonge iingie. Iliyokuwa aleni ya milimita 4 hukubali T25, ya milimita 5 hukubali T30. Ikilegea, panda namba moja. Ncha zake sita zinachonga njia zao ndani ya metali. Biti hiyo huenda isitoke tena, kwa hiyo usitumie ile unayoipenda. Kwa vichwa vilivyojitokeza juu ya mguu, msumeno wa chuma unaweza kuchonga mfereji wa bisibisi bapa, au koleo la kujifunga linaweza kukamata kichwa kwa nje. Kichwa kilichozama hakikupi nafasi hizo.

Je, bisibisi ya kupigwa kwa nyundo, ile inayogeuka kila inapopigwa? Kwenye injini ni kifaa kizuri sana. Juu ya paa naihofia, kwa sababu ileile ya bati. Kama ni lazima, keria iwe imefungwa kwenye mfereji wa pembeni wa paa, kama wa Hiace za zamani na Land Cruiser za mfululizo wa 70, mahali ambapo bati limekunjwa mara kadhaa na lina nguvu.

Haya yote yakishindwa, tunarudi kwenye ile hesabu ya nusu chini ya kichwa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Watu wakiona kichwa kimekwisha, hukimbilia kifaa cha kung'olea skrubu, ule msumari wenye nyuzi za kinyume unaopigwa kwenye tundu lililotobolewa. Ukitafakari hauingii akilini. Ili uingie kwenye M6, inabidi utoboe tundu la milimita 3 hivi, na kifaa kinachoingia humo kina unene huohuo. Skrubu iliyoushinda ufunguo wa milimita 5 sasa unataka kuifungua kwa kijiti cha milimita 3. Kijiti hicho ni cha chuma kigumu sana, na chuma kigumu hakipindi, kinakatika. Kikikatikia ndani, biti ya kawaida haiwezi kukitoboa, na mguu wa keria umekwisha. Kwa skrubu iliyokatika lakini haijaganda, sawa. Kwa iliyoganda, na ya saizi hii, sikishauri.

Toboa kichwa badala yake. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka mguu, funika kioo cha mbele. Kama umeme wa Regideso upo, tumia drili ya umeme; kama haupo, drili ya mkono inaweza, maana unakata kichwa tu, si urefu wote. Tundu la aleni au la Torx lenyewe linakuongoza katikati, jambo ambalo ni bahati. Anza na biti ya milimita 3, kisha milimita 6, yaani unene wa mwili wa skrubu. Biti ikifika mwisho wa kichwa, kichwa kinabaki kikizunguka kwenye biti. Chuma kisichoshika kutu kinataka mwendo wa polepole, mkandamizo mkubwa na tone la mafuta. Ukikipeleka mbio, uso wake unakuwa mgumu na biti inaungua bila kusonga. Kusanya machicha yote kwa sumaku kabla ya kuondoka. Chembe za chuma zikilala paani usiku mmoja wa mvua, asubuhi kuna madoa ya kutu kwenye rangi, na mwenye gari atakulaumu kwa haki.

Kichwa kikiondoka, nyanyua mguu wa keria. Kipande cha skrubu kinabaki kimesimama, hakivutwi tena na kitu. Tia mafuta kwenye shina lake, likamate kwa koleo la kujifunga, geuza. Mara nyingi litatoka kwa urahisi unaoudhi, baada ya mapambano yote hayo.

Likikataa bado, sasa unajua kwa hakika kwamba ugonjwa uko kwenye nyuzi, na mchomeleaji anaingia. Anaweka nati juu ya shina na kuichomelea kwa ndani. Inakupa kichwa kipya na joto kali kwa wakati mmoja, na kama mguu ni wa aluminiamu, uchomeleaji wa chuma haushiki kwenye aluminiamu, hivyo hakuna hatari ya kuunganisha vyote viwili. Kwa chuma sijaona njia iliyo bora zaidi. Ila ifanyike kwenye mguu ulioondolewa garini kila inapowezekana. Ikilazimu kufanywa juu ya gari, tenganisha waya wa hasi wa betri, weka vitambaa vyenye maji kuzunguka, shusha kitambaa cha dari pale panapohusika, na funika vioo vyote. Cheche za kuchomelea na za grainda hujichimbia kwenye kioo na kuacha vishimo visivyong'arishika.

Kuna ugonjwa mmoja unaofanana na huu wote lakini si wenyewe. Skrubu inageuka vizuri, tena kwa urahisi, ila haipandi. Hapo hakuna kilichoganda kichwani. Magari mengi hufunga keria kwenye nati ya riveti, kikombe kidogo chenye nyuzi kilichobanwa kwenye tundu la bati la paa, na kikombe hicho kimelegea na kinazunguka pamoja na skrubu. Mafuta, joto na nyundo havitasaidia kitu. Shusha kitambaa cha dari, kamata nati kwa koleo kutoka ndani huku mwenzako akifungua kutoka juu. Kama hapafikiki kutoka ndani, ingiza bisibisi bapa nyembamba chini ya mguu, iinue keria kidogo ili kikombe kibanwe dhidi ya bati, halafu geuza polepole. Au toboa kichwa kama ilivyoelezwa, na uweke nati ya riveti mpya.

Keria zinazotengenezwa na wachomeleaji wetu wenyewe kwa mabomba ya chuma, zile unazoziona zimebeba magunia ya makaa na magodoro, hazistahili uangalifu wote huu. Skrubu zake zinapita upande wa pili na zina nati. Kata nati kwa grainda au kwa tindo, piga skrubu itoke, weka nyingine. Kazi imekwisha.

Skrubu ikishatoka, pitisha tapu ya M6 kwenye tundu ili kusafisha unga na mabaki. Kama nyuzi zimekufa na mguu una nyama ya kutosha, toboa kwa milimita 6.8 na ukate nyuzi za M8. Kama ukuta ni mwembamba, M8 itaupasua, na ni afadhali kupitisha skrubu ndefu yenye nati upande wa pili. Skrubu mpya iwe ya kichwa kirefu chenye tundu la milimita 5, ipakwe grisi kwenye nyuzi na chini ya kichwa. Grisi hupunguza msuguano, kwa hiyo nguvu ileile ya mkono sasa inabana zaidi. Kaza kwa wastani wa chini, na uweke bomba pembeni.

Angalia pia mpira ulioko chini ya mguu. Kama umekauka na kupasuka, ubadilishe au paka silikoni kuzunguka tundu kabla ya kufunga, kisha mwaga ndoo ya maji paani na upapase dari kwa ndani. Maji yanayovuja hapo hushuka ndani ya nguzo ya gari na kutokea sakafuni, mbali na chanzo chake, na mafundi wataanza kutafuta tatizo milangoni. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, pima tena kila skrubu kwa ufunguo mfupi. Iliyolegea katika safari hiyo ya kwanza kwa kawaida inataka kukazwa mara moja tu zaidi. Ikilegea tena, keria imebebeshwa kupita uwezo wake.